Mzee Tom Morris: Mtunza nyasi aliyechora viwanja vya gofu vya pwani ya Scotland

MWANAGOFU anayepanga likizo ya kwenda kucheza kwenye viwanja vikongwe vya pwani ya Scotland hukutana na jina moja hata kabla hajakata tiketi ya ndege. Akiulizia Prestwick, ataambiwa kuwa ni kazi ya Tom Morris. Akiugeukia mji wa St Andrews, jina ni lilo hilo. Iwe ni Dornoch upande wa kaskazini, Machrihanish magharibi au Muirfield karibu na Edinburgh, na hata akivuka maji hadi Newcastle na Lahinch katika kisiwa cha Ireland, nyayo ni za mtu yuleyule.

Aliyeziacha nyayo hizo alikuwa mwana wa mfumaji. Aliajiriwa na mabwana waliomzidi cheo, akalipwa ujira wa kibarua mwenye ujuzi, na aliwazika watoto wake wote watano kabla ya kufa kwake mnamo 1908.

Kwa msomaji aliyezoea viwanja vya Nairobi kama Muthaiga na Karen, vyenye miti mirefu na nyasi nzito, viwanja hivi vya pwani ni kioja mara ya kwanza. Wenyewe huviita linksi. Ni ardhi ya kichanga iliyo baina ya ufuo na mashamba, ambayo wakulima waliiacha kwa sababu haioti nafaka. Hakuna miti ya kukinga upepo. Ardhi ina vilima na mabonde yaliyofinyangwa na upepo wa karne nyingi, na nyasi zake ni nyembamba na kavu. Mvua inyeshe namna gani, mchanga huyanywa maji upesi. Inaaminika kwamba mitego ya mchanga inayowatoa jasho wachezaji ilianza kama mashimo yaliyochimbwa na kondoo waliokuwa wakijikinga baridi. Mpira ukitua hautulii, bali hubingirika unakotaka, na mchezaji aliyezoea kuurusha juu hujikuta akijifunza upya kuupiga chini chini, upepo usiuone.

Thomas Morris alizaliwa katika mazingira hayo Juni 16, 1821, mjini St Andrews, mji mdogo wa wavuvi, wafumaji na wasomi katika eneo la Fife, mashariki mwa Scotland. Babake, John, alifuma vitambaa kwa kitanda cha mfumi. Mwaka huohuo ndipo ardhi ya linksi ya mji huo iliponusurika. Baraza la mji lilikuwa limefilisika mwishoni mwa karne ya 18, na ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliofuga sungura. Wanyama hao waliitoboatoboa hadi wachezaji na wafugaji wakafikishana mahakamani. Hatimaye mwenye shamba jirani la Strathtyrum, James Cheape, aliinunua mnamo 1821 na kuwahifadhia wachezaji. Lau si ununuzi huo, huenda mtoto aliyezaliwa mwaka huo angerithi kitanda cha mfumi cha babake.

Akiwa na umri wa karibu miaka 14, Tom alipelekwa kujifunza kazi kwa Allan Robertson, aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora kuliko wote wa zama hizo. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mipira. Mpira wa gofu wa wakati huo ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya bata bukini yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia ndefu ya muungwana. Fundi aliyashindilia kwa kijiti cha chuma akiegemeza kifua, kisha akaushona mfuko huo. Ulipokauka, ngozi ilinywea huku manyoya yakifura, mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari hakuweza kutoa zaidi ya mipira mitatu au minne kwa siku, na mvua moja ilitosha kuuharibu. Ndiyo maana gofu, ijapokuwa ilichezwa kwenye ardhi ya mji wote, ilibaki kuwa burudani ya wenye fedha na watumishi wao.

Tom alijifunza kutengeneza mipira, kisha akajifunza kuipiga. Mnamo 1849 yeye na bwana wake walipambana na ndugu wawili mapacha kutoka Musselburgh, Willie na Jamie Dunn, kwa dau la pauni 400, fedha ambazo fundi wa mipira hangeziweka akiba maisha yake yote. Dau lenyewe lilikuwa la matajiri waliowashabikia. Robertson na Morris walishinda.

Urafiki huo ulivunjwa na utomvu wa mti. Mwaka 1848 mipira ya gutta-percha ilianza kuonekana Scotland, iliyotengenezwa kwa utomvu kutoka Rasi ya Malaya. Utomvu uliwekwa katika maji moto ukalainika, ukafinyangwa kwa mikono, ukapoa, na kazi ikaisha. Mpira huo uligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya ule wa manyoya, tena haukuogopa mvua. Robertson aliona unga wake ukimwagwa. Aliwaapiza wafanyakazi wake wasiuguse. Inasimuliwa kwamba siku moja Tom aliishiwa na mipira akiwa uwanjani, akakopeshwa mmoja wa gutta-percha na muungwana aliyecheza naye, na katika kurudi wakakutana na Robertson ana kwa ana. Maneno yaliyofuata yalimaliza ushirika wa miaka mingi. Kinaya ni kwamba mwaka 1858 Robertson mwenyewe alikuwa mtu wa kwanza kuuzunguka uwanja wa St Andrews kwa mapigo yasiyofika 80, naye aliupigia mpira huohuo alioulaani.

Miaka hiyo ilikuwa migumu pia nyumbani. Tom alikuwa amemwoa Agnes Bayne, aliyejulikana kama Nancy, mnamo 1844. Kifungua mimba wao, aliyepewa jina la babake, alifariki mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka minne. Aprili 1851 walijaliwa mvulana mwingine, wakampa jina lilelile la Tom. Kitoto hicho kikiwa na miezi michache tu, familia ilifunga virago na kuhamia Prestwick, pwani ya magharibi.

Huko kulikuwa na klabu iliyoanzishwa mwaka huohuo, na Kanali James Fairlie alitaka mtu wa kuwatengenezea wenzake uwanja na kuutunza. Ardhi yenyewe ilikuwa finyu, imebanwa na reli upande mmoja na bahari upande wa pili. Tom alichora mashimo 12, mengine yakikatizana, na badala ya kuvisawazisha vilima vya mchanga akavitumia. Mchezaji alilazimika kuupiga mpira kuvuka kilima bila kuona unakoangukia. Wapo wanaouona mtindo huo kuwa wa kubahatisha, na hawakosei sana, lakini hadi leo wageni husafiri kutoka pembe zote za dunia ili wakaupige mpira wasikokuona. Baadhi ya sehemu alizozichora zingali zinatumika Prestwick. Msafiri anayekwenda huko hushuka kwenye kituo cha treni kilicho jirani na uwanja, na pigo lake la kwanza hulipiga reli ikiwa mkono wa kulia.

Ni Prestwick ambako inasemekana aligundua siri ya mchanga. Toroli lilimpindukia, mchanga ukamwagika juu ya nyasi fupi zilizozunguka shimo, na baada ya muda akaona kwamba nyasi za mahali pale zimenawiri kuliko kwingineko. Iwe kisa hiki ni cha kweli au kimetiwa chumvi, tangu hapo alimwaga mchanga kila mwaka juu ya nyasi zake, na desturi hiyo ingali inafuatwa na watunza viwanja duniani kote.

Robertson alifariki Septemba 1859, na swali likawa ni nani arithi ubingwa wake. Klabu ya Prestwick iliamua jibu lipatikane uwanjani. Oktoba 17, 1860, wachezaji wanane wa kulipwa walikusanyika na kuuzunguka uwanja huo wa mashimo 12 mara tatu kwa siku moja. Zawadi ilikuwa mshipi wa ngozi nyekundu wenye bakoli ya fedha, na fedha taslimu hazikuwepo. Hayo ndiyo mashindano ambayo sasa yanaitwa Open, ambayo mshindi wake hupokea mamilioni. Wengi walitarajia Tom ashinde kwenye uwanja alioutengeneza kwa mikono yake, lakini Willie Park wa Musselburgh alimpiku kwa mapigo mawili.

Tom alilipiza mwaka 1861, na 1862 akashinda kwa tofauti ya mapigo 13. Hakuna aliyeifikia tofauti hiyo katika Open hadi leo, na katika mashindano makubwa yote ya dunia haikupitwa hadi mwaka 2000, pale Tiger Woods aliposhinda ubingwa wa Marekani huko Pebble Beach kwa mapigo 15. Alitwaa tena taji hilo mwaka 1864, safari hii akipewa pauni 6, na mara ya nne mnamo 1867 akiwa na umri wa miaka 46. Hajatokea bingwa wa Open mwenye umri mkubwa kuliko huo.

Hata hivyo, kama Tom angekuwa mchezaji tu, jina lake leo lingekuwa la wasomaji wa takwimu. Kilichomtofautisha na akina Park na Dunn ni toroli. Mwishoni mwa 1864 klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilimrudisha nyumbani kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Vifaa alivyokabidhiwa vilikuwa toroli, sepetu na koleo, na msaidizi aliruhusiwa kumwajiri siku mbili tu kwa wiki. Kwa vifaa hivyo aliubadilisha uwanja unaojulikana kama Old Course.

Uwanja aliorudishiwa ulikuwa umechakaa. Njia zake zilikuwa nyembamba, zimesongwa na vichaka vya miiba, na wachezaji waliokwenda walipishana na waliorudi kwenye njia ileile. Mchezaji alianza shimo jipya kwa kupiga mpira hatua chache tu kutoka shimo alilolimaliza, hivyo nyasi zikakanyagwa hadi zikafa. Tom alifyeka vichaka. Alitenga mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Alitengeneza upya eneo la shimo la kwanza ng'ambo ya kijito cha Swilcan, na la mwisho karibu na nyumba za mji, na kwa kufanya hivyo uwanja ukaweza kuzungukwa kwa pande zote mbili, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, ili ardhi ipate kupumua. Baadaye upande mmoja ndio uliobaki.

Na kila Jumapili aliufunga. Yeye alikuwa mzee wa kanisa na siku ya Mungu aliiheshimu, lakini hoja aliyowapa wachezaji waliolalamika ilikuwa ya mkulima: hata wao wasipohitaji kupumzika, nyasi zinahitaji. Amri hiyo ingali inatekelezwa, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Mgeni anayefika St Andrews Jumapili akiwa na mfuko wake wa fimbo begani huwakuta wenyeji wakitembeza mbwa na watoto wakikimbia mahali ambapo Jumamosi walicheza watu waliosafiri nusu ya dunia. Hili ni jambo ambalo wengi wanaopanga safari husahau, wakaambulia kupiga picha kwenye daraja la Swilcan.

Jambo jingine linalowashangaza wageni ni kwamba uwanja huo maarufu si wa klabu. Ni ardhi ya umma, inayolindwa kwa sheria ya bunge tangu 1894. Sehemu ya nafasi za kucheza hutolewa kwa kura inayopigwa siku mbili kabla, na tajiri huandikisha jina lake sawa na fundi wa magari. Asiyetaka kubahatisha sharti aweke nafasi mapema mno, tena awe na cheti cha kiwango chake cha uchezaji. Treni nayo haifiki mjini tangu 1969, hivyo msafiri hushuka Leuchars, kilomita chache kutoka hapo, akamalizia safari kwa basi au teksi.

Usawa huo wa uwanjani haukuingia ndani ya jengo la mawe linalotazamana na shimo la kwanza. Hilo ni la klabu ya Royal and Ancient, na Tom, kama wachezaji wote wa kulipwa wa enzi zake, hakuwa mwanachama. Aliwafundisha wanachama hao, akawapangia mechi, akawatengenezea fimbo katika duka alilofungua kando ya shimo la 18, na aliposimama nao aliivua kofia. Mmoja wa wanawe alimpa jina la James Ogilvie Fairlie, yule kanali aliyempa kazi Prestwick. Lingekuwa kosa kuidhania heshima hiyo kuwa unyonge. Tom aliijua nafasi yake vyema na aliitumia, kwa kuwa mabwana walishika mkoba, naye aliishika ardhi. Klabu hiyo haikuwakubali wanawake kuwa wanachama hadi 2014, jambo linaloonyesha jinsi milango yake ilivyokuwa mizito.

Reli ziliposambaa na watu wa mijini wakaanza kwenda pwani kwa mapumziko, kila mji wenye mchanga ulitaka uwanja wa gofu, na kila mmoja ulimtaka Tom. Malipo yake yalikuwa pauni moja kwa siku pamoja na gharama za safari. Alifika kwa treni au kwa meli, akatembea ardhini na mabwana wa mahali, akachomeka vijiti pa kuanzia na pa kumalizia, na mara nyingi baada ya siku mbili tatu akawa ameondoka. Alifanya hivyo Westward Ho! kusini-magharibi mwa Uingereza katika miaka ya 1860, uwanja ambao ndio mkongwe zaidi nchini humo miongoni mwa ile iliyobaki mahali pake pa awali. Mwaka 1879 aliukuza uwanja wa Machrihanish hadi mashimo 18. Dornoch walimwita 1886. Huko Newcastle, chini ya milima ya Mourne, klabu ya County Down ilimwajiri mnamo 1889 kwa ada isiyozidi gini 4. Kwa ada hiyo ulianza uwanja ambao siku hizi huorodheshwa miongoni mwa bora kabisa duniani, ingawa ni haki kukiri kwamba wengine walioufanyia kazi baada yake waliubadilisha sana. Muirfield ulifuata 1891, na Lahinch 1894.

Mojawapo ya kazi zake ilipotea. Mwaka 1891 alifika kisiwa cha South Uist, magharibi ya mbali, akachora uwanja wa Askernish juu ya vilima vya mchanga vinavyotazamana na Atlantiki. Wakulima waliendelea kulisha mifugo pale, vita vikaja, na baada ya miongo kadhaa sehemu kubwa ya mashimo ikasahaulika chini ya nyasi ndefu. Mwaka 2005 wataalamu walianza kuifuatilia ardhi ile, wakisoma vilima kama mtu asomavyo mwandiko anaoufahamu, na mwaka 2008 uwanja ukafunguliwa upya. Kufika huko kunataka moyo, kwa sababu mgeni hana budi kupanda ndege ndogo au feri, tena hali ya hewa ikikataa hasafiri. Lakini hakuna mahali pengine panapomkaribia Tom Morris kama pale, kwani hapana mbolea ya viwandani wala mashine kubwa zilizopita.

Aliwafunza pia waliobeba kazi hiyo ng'ambo. Donald Ross, kijana wa Dornoch, alifanya kazi kwake St Andrews kabla ya kuhamia Marekani mnamo 1899, ambako alichora mamia ya viwanja, ukiwemo Pinehurst nambari 2. Charles Blair Macdonald, mwanafunzi kutoka Chicago aliyepelekwa St Andrews mwaka 1872, alilizoea duka la Tom, kisha akarudi kwao na kujenga uwanja wa kwanza wa mashimo 18 nchini humo.

Lakini mwanafunzi wake mkuu alikuwa damu yake. Mtoto aliyehamishiwa Prestwick akiwa mchanga alikua akawa mchezaji aliyemzidi babake kwa kila kipimo. Watu wakaanza kuwatenganisha: Mzee Tom na Tom Mdogo. Mwaka 1868, mwaka mmoja baada ya baba kutwaa Open kwa mara ya nne, kijana huyo aliitwaa akiwa na umri wa miaka 17, baba akiwa wa pili. Hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye. Akaitwaa tena 1869, akiingiza mpira shimoni kwa pigo moja, la kwanza la aina hiyo kuandikwa katika mashindano hayo. Mwaka 1870 akashinda kwa mapigo 12, na shimo la kwanza, lililokuwa na urefu wa zaidi ya mita 520, alilimaliza kwa mapigo matatu, kwa fimbo za mbao na mpira wa utomvu. Kanuni ilisema atakayeshinda mara tatu mfululizo auchukue mshipi uwe wake, basi akauchukua, na kwa kuwa hapakuwa na zawadi nyingine, mwaka 1871 hapakuwa na mashindano. Klabu tatu zikachanga fedha kununua jagi la fedha ambalo washindi hulinyanyua hadi leo. Jina la kwanza lililochorwa juu yake ni la Tom Mdogo, bingwa wa 1872.

Kijana huyo hakuwa na unyenyekevu wa babake. Alidai malipo yake mapema, na hakuona sababu ya kuivua kofia kwa kila bwana. Novemba 1874 alimwoa Margaret Drinnen, binti wa jamii ya wachimba makaa ya mawe, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 10.

Septemba 1875, Margaret akiwa amekaribia kujifungua, baba na mwana walikwenda North Berwick kupambana na Willie Park na nduguye Mungo. Mechi ikiwa inakaribia mwisho, telegramu ilifika: Margaret alikuwa katika uchungu mzito na hali yake ilikuwa mbaya. Masimulizi yanatofautiana kuhusu nani aliisoma kwanza, na lini. Yapo yanayosema kwamba Mzee Tom aliishika, akamaliza mashimo mawili yaliyosalia, kisha ndipo akamweleza mwanawe. Kama ni kweli, ni uamuzi ambao alilazimika kuishi nao miaka 33. Walishinda mechi hiyo.

St Andrews iko ng'ambo ya ghuba ya Forth. Daraja la reli la ghuba hiyo halikufunguliwa hadi 1890, na treni ingewazungusha kupitia Edinburgh. Mwanachama mmoja wa North Berwick aliwapa mashua yake, wakavuka usiku kwa tanga. Tom Mdogo alipofika nyumbani, mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa maiti.

Aliishi miezi mitatu zaidi. Marafiki walimshawishi arudi uwanjani, na majira ya baridi yalipoanza akakubali mechi ndefu dhidi ya Arthur Molesworth, siku sita za kucheza, theluji ikifagiliwa mbele yao. Alishinda, lakini waliomwona walisema kwamba hakuwepo pale isipokuwa kwa mwili. Asubuhi ya Krismasi ya 1875 alikutwa amekufa kitandani katika nyumba ya babake, akiwa na umri wa miaka 24. Madaktari walisema mshipa wa damu ulipasuka mapafuni. Mjini watu walisema ni moyo uliovunjika, na Mzee Tom, inasimuliwa, aliwajibu kwamba ikiwa moyo uliovunjika huua, yeye mwenyewe asingekuwa hai.

Mwaka uliofuata alimzika Nancy. Mwanawe Jack, aliyezaliwa akiwa mlemavu wa miguu na ambaye alifanya kazi ya kumalizia mipira dukani, alifariki 1893. Binti yake Lizzie akafuata 1898, na James 1906. Katika miaka hiyo yote mzee huyo aliamka alfajiri, akaoga baharini hata wakati wa baridi kali, akawasha kiko chake na kuelekea uwanjani. Aliendelea kushiriki Open hadi alipokuwa na zaidi ya miaka 70. Mnamo 1895 alikamilisha kwa mji wake uwanja wa pili, ambao ungali unaitwa New Course ijapokuwa umepita karne moja.

Alistaafu 1903 akiwa na umri wa miaka 82, na klabu ikaendelea kumlipa. Mwaka huo Sir George Reid alimchora, ndevu nyeupe, mkono mmoja mfukoni, na picha hiyo ikatundikwa ndani ya jengo lile la mawe.

Jumapili ya Mei 24, 1908, siku ambayo uwanja ulikuwa umefungwa kwa amri yake ya zamani, alikuwa katika jengo la New Golf Club mjini humo. Katika korido yenye giza alifungua mlango asioukusudia, akaanguka ngazi zinazoshuka hadi ghala la chini na kuvunjika fuvu. Zilikuwa zimesalia wiki tatu atimize miaka 87. Alizikwa kwenye makaburi ya kanisa kuu lililobomoka, karibu na ufuo, mahali ambapo vyama vya gofu 60 vilikuwa vimechanga fedha na kumjengea Tom Mdogo mnara ulioonyeshwa kwa umma mwaka 1878. Juu yake amechongwa akiwa amevaa koti na kofia, ameinama juu ya mpira, na kaburi la babake liko miguuni pake.